Tulilala Rongai

Wazo la kulala Rongai lilikuwa la baba mdogo Weldon, na siku alipolitoa kila mtu aliliona wazo la mtu mwenye akili.

"Watatuuliza kwa lango tumetoka wapi," alisema, funguo za trekta zikilia mkononi mwake. "Hiyo ni kawaida ya Wakikuyu ukienda kulipa mahari. Wanafunga lango, wamama wa ndani wanaimba swali, wamama wa nje wanaimba jibu. Sasa, tukienda jioni tulale kwa binamu yangu Rongai, asubuhi tutoke Rongai, tukiulizwa tutasema tumetoka Rongai. Kuna uongo hapo?"

Hakuna aliyeuona uongo hapo. Ama kama kuna aliyeuona, aliumeza pamoja na chai.

Cheptanui alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, akisugua ndani ya kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet ili maziwa ya sherehe yalale vizuri na kuiva. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Shule aliiacha darasa la nane, mamake alipoanza kuugua, na tangu hapo kazi yake ilikuwa ng'ombe na viazi. Kazi zote mbili hazina haja ya maneno mengi, isipokuwa ng'ombe mmoja, Chelel, ambaye hakushusha maziwa bila kuimbiwa. Cheptanui alikuwa amemtungia Chelel nyimbo nyingi, akibadilisha maneno kila asubuhi, maana ng'ombe naye huchoka kuambiwa jambo moja.

Anayeoa alikuwa Kibii, mdogo wake wa kiume. Alikutana na Mugure huko Naivasha, kwenye shamba la maua, yeye akiwa upande wa mifereji ya maji na Mugure akiwa upande wa kupanga waridi kwa urefu. Walipendana kabla ya kuulizana kwao ni wapi. Walipoulizana, Mugure akacheka kicheko kisicho na furaha.

Kwa kina Mugure ni Rhonda, pale Nakuru. Lakini kabla ya Rhonda waliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho, na kabla ya hema waliishi Kapsirwo, juu huko upande wa Molo, ng'ambo tu ya ua wa kina Cheptanui. Ile Januari nyumba zilipochomwa baada ya kura, walishuka na lori la watu wengine, na hawakupanda tena. Nani aliwasha moto, hilo Cheptanui hakulijua. Alikuwa mtoto. Alichokijua ni kwamba msimu uliofuata trekta ya baba mdogo Weldon ilifika mwisho wa shamba lake, na badala ya kugeuka ikaendelea mbele, ng'ambo ya ua.

Naftaly, baba yake Mugure, alijua mchumba anatoka wapi. Mama mzazi wa Naftaly, Cucu Wariara, bibi yake Mugure, ndiye hakuambiwa. Cucu ndiye aliyemlea Mugure, na alikuwa amesema mara moja tu, akichambua mboga, kwamba mjukuu wake anaweza kuolewa popote, hata Uganda, hata kule ambako hakuna stima, lakini si Kapsirwo. Mugure naye alikuwa amemwambia Kibii kwamba bila baraka ya Cucu haendi mahali. Kwa hivyo Naftaly akaona heri wageni waingie kwanza, wakae, wale. Mtu ambaye mmekula sahani moja, alisema, ni vigumu kumfukuza.

Basi pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kumdanganya mwanamke mmoja mzee, kila upande kwa upole.

Ila kulikuwa na jambo la kibuyu.

Weldon alikuwa amenunua kibuyu kipya sokoni Nakuru, kimesimama wima kama askari, na shanga za rangi nne. Asubuhi ile pale Rongai, wakati wa kupakia mbuzi na shuka na sukari, Cheptanui alitoka na kingine. Kilikuwa cha mamake, cheusi kwa moshi, shingo imepinda upande wa kushoto.

"Kile kipya kiko wapi?" Weldon aliuliza.

"Maziwa yamekataa kulala ndani yake. Yamekuwa maji juu, jibini chini. Ya hiki yameiva."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kama vile kulala Rongai kulikuwa kweli. Kibuyu kile mamake alipewa na Wariara kabla Cheptanui hajazaliwa, na mama hakuwahi kukificha wala kukisifu. Alikitumia tu kila siku mpaka alipokufa. Cheptanui alikifunga kwa leso akakipakata, na Weldon, ambaye katika maisha yake hakuwahi kutazama kibuyu zaidi ya kilichomo ndani, akaingia kwenye gari.

Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, walimchukua Mama Sue. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, Mkikuyu aliyekodishwa na watu wasiojua kuimba kwa malango ya watu wanaojua. Alikuja na wenzake wawili wa kuitikia, wote wamevaa vitenge vya aina moja.

"Mzee, nyinyi ni wa wapi?" alimuuliza Weldon kabla hata ya kukaa.

"Rongai."

"Rongai ni sawa. Rongai ina mahindi, ina nafaka, nitaipamba." Akamgeukia Cheptanui. "Na wewe, katoto, ni wewe unashikilia nafasi ya mama? Pole. Tabasamu basi, usikae kama mtu anapeleka maziwa kwa dairi."

Geti la kina Mugure lilikuwa la mabati ya kijani, geti kubwa la kupitisha gari, na katikati yake kamlango kadogo ka kupitisha mtu. Yote mawili yalikuwa yamefungwa. Ndani mlisikika miguu mingi, vicheko, na harufu ya nyama ikaruka ukuta ikawafikia. Kibii alikuwa amevaa suti. Alikuwa akitoa jasho kwenye masikio.

Mama Sue alikaza leso kiunoni akaanza. Ndani wakaitikia. Wimbo ulikuwa wa Kikikuyu, na kati ya mstari na mstari Mama Sue aliinamisha kichwa kando akawatupia kina Cheptanui Kiswahili chake, haraka haraka, kama mtu anayewapa watoto karanga kanisani.

"Wanauliza ni kelele za nani, ama tumepotea njia ya soko."

Akajibu kwa kuimba kwamba soko waliliona wakalipita, kwani kile wanachotafuta hakiuzwi. Ndani wakapiga vigelegele.

"Wanasema kwao hakuna kitu, kuna kuku mmoja tu na anaharisha."

Akajibu kwamba basi wamekuja na dawa. Vicheko vikapanda. Hata Weldon alicheka. Msichana mmoja ndani, binamu ya Mugure anayeitwa Lynn, alipaza sauti kwa Kiswahili, "Mwambieni huyo wa suti aache kuloa, hatujaanza!" na wote wakaangua tena, na Kibii akajipangusa.

Ndipo likaja swali lenyewe.

"Sasa wanauliza tumetoka wapi." Mama Sue alikonyeza. Akavuta pumzi akaipamba Rongai. Akaimba mahindi ya Rongai yanavyosimama kama maharusi, na magunia yanavyopandana, na barabara ya Eldoret inavyopita hapo ikisalimia. Hata Cheptanui, ambaye hakuelewa maneno, aliona mahindi yakisimama. Ndani wakapokea. Komeo la geti kubwa likalia, likaanza kuvutwa.

Likasimama katikati.

Kulikuwa na jicho kwenye upenyo wa geti. Cheptanui aliliona kwa sababu lilikuwa linamtazama yeye. Halikuwa linatazama uso wake. Lilikuwa linatazama chini kidogo, pale leso ilipolegea na shingo ya kibuyu kutokeza.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Halafu sauti moja ikaanza, ya mtu mzee, nyembamba lakini imenyooka kama uzi wa kushonea gunia. Mama Sue aliinamisha kichwa kama kawaida. Safari hii karanga hazikutoka haraka.

"Anasema…"

*Nilipanda mbegu kwenye ua,*
*ikatambaa, ikazaa huku inaning'inia,*
*kibuyu kikakua shingo imepinda*
*kama mtu anayechungulia kwa jirani.*
*Nikampa huyo jirani.*
*Rongai sikuwahi kuwa na jirani.*
*Wageni wa Rongai, niambieni:*
*kibuyu changu kimefikaje Rongai?*

Watu wote wa nje waligeuka wakamtazama Cheptanui. Weldon alikitazama kibuyu kwa mara ya kwanza tangu kiumbwe.

"Mwambie vibuyu hununuliwa sokoni," alimnong'oneza Mama Sue. "Mwambie vinafanana."

"Mzee," Mama Sue alisema, na sauti yake ya tarumbeta sasa ilikuwa ndogo, "mimi nimeimba kwa malango mengi. Nimeulizwa asali, nimeulizwa mbuzi, nimeulizwa kama bwana harusi anakoroma. Hili swali si la kukodishwa. Huyu mama hauulizi wimbo. Anawauliza nyinyi."

"Tumekulipa uimbe!"

"Na nimeimba. Hapa imbeni nyinyi."

Ndani walikuwa wameanza kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kuujaza ule ukimya, kama wanawake wanavyofanya msibani mchungaji akichelewa. Mbuzi mmoja alilia. Kibii alimtazama dadake, na macho yake yalikuwa ya yule mtoto ambaye Cheptanui alikuwa akimbeba mgongoni wakitoka mtoni.

Cheptanui hakujua nyimbo za malango. Alijua wimbo mmoja tu wa kumwendea mtu anayezuia kilicho ndani yake, nao ni ule wa Chelel. Ni wimbo wa polepole. Huwezi kumharakisha ng'ombe aliyekaza. Ukivuta, anapiga teke. Unamwambia kwanza kwamba umemwona.

Akauanza. Kila mstari aliuimba kwa Kipsigis, lugha ya mamake, kisha akaurudia kwa Kiswahili, kwa sababu wasichana wa ndani na vijana wa nje hicho ndicho walichoshirikiana. Lugha hizo mbili zilifuatana kama watu wawili wanaobeba gunia moja, huyu mbele na huyu nyuma.

*Kibuyu hakikufika Rongai kwa miguu yake.*
*Kimelala Rongai usiku mmoja, kama sisi,*
*ili tukiulizwa tumetoka wapi*
*tuseme Rongai na ulimi usiungue.*
*Tumetoka Kapsirwo.*
*Tumetoka ng'ambo ya ua wako.*
*Mimi ni mtoto wa yule aliyepewa kibuyu.*

"Cheptanui!" Weldon alisema, lakini neno lilikuwa limeshatoka na halina mkia wa kulishika.

Ndani mtu mmoja akacheka, kicheko kikavu cha uzee. "Walilala Rongai!" sauti ile ilisema kwa Kiswahili, kwa wote. "Mnasikia? Walienda wakalala Rongai!" Na wanawake wa ndani wakacheka, wengine kwa sababu ilichekesha kweli, wengine kwa hasira, na nje Mama Sue akaziba mdomo kwa leso mabega yakimtikisika. Naftaly alisikika akisema, "Maitu, mama, tafadhali," na akanyamazishwa.

Kisha Cucu Wariara akajibu. Alijibu kwa wimbo uleule wa ng'ombe, kwa tuni ileile, na kwa Kipsigis.

Baadaye Mugure alisimulia kwamba pale ndani watu walitazamana kama waliomwona kuku akiongea. Walijua Cucu aliishi huko juu ujana wake wote na uzee wake nusu. Lakini tangu lori lile, hakuna mjukuu aliyemsikia akitamka hata salamu ya lugha ile. Walidhani imemtoka. Kumbe alikuwa ameiweka mahali, imekunjwa, kama nguo ya mtu aliyekufa ambayo huwezi kuvaa na huwezi kutupa.

*Mtoto wa aliyepewa kibuyu, nilikuona ukinyonya.*
*Mama yako yuko wapi? Simwoni kwa upenyo.*

Cheptanui akaimba, mstari huu mfupi:

*Mama amelala. Amelala kwetu, penye mwerezi,*
*na jua la asubuhi linamfikia kwanza.*

Ule mvumo wa midomo ukashuka. Sauti ya Cucu iliporudi ilikuwa chini zaidi, na Cheptanui akaanza kuifasiri kwa Kiswahili mstari baada ya mstari, ili Kibii asikie, na Mama Sue, na kila mtu.

*Basi amelala kwake, na watu wake wanampita asubuhi.*
*Na wangu je?*
*Nilimwacha amelala penye miti ya plamu.*
*Nilitoka na godoro kichwani na mtoto mgongoni,*
*yeye sikuweza kumbeba.*
*Wewe uliyetoka huko jana, niambie:*
*nani analima kando ya kitanda chake?*
*Nani amempa blanketi?*

Weldon alikuwa amemkaribia mpaka Cheptanui akasikia harufu ya sabuni shingoni mwake. "Nisikize," alisema kwa lugha yao, kwa pumzi. "Mwambie panatunzwa. Mwambie tumeweka ua, tumepanda maua. Ni mzee, anataka kusikia hivyo. Mwambie, waache watoto waoane. Nikirudi nitaweka ua kweli. Naapa. Kesho."

Na Cheptanui aliona kwamba hasemi vibaya. Lingekuwa neno tamu, na geti lingefunguka. Kibii alisimama pale na suti yake. Mbuzi wale waliokuwa wakilia nyuma walinunuliwa kwa viazi vya shamba lile, na dawa za mama zilitoka humo, na hata kitambaa alichojifunga yeye Cheptanui. Angemwimbia Cucu maua, na Cucu angelala vizuri usiku ule, na labda usiku mwingine mwingi mpaka afe.

Lakini alikuwa amechunga pale utotoni na alipajua. Ile mara ya kwanza, trekta ilipofika penye kaburi la mumewe Cucu, Weldon aliinua jembe, akazunguka. Si heshima iliyomzungusha. Ni woga tu, maana hakuna anayetaka kuamka akute marehemu amekaa miguuni pa kitanda chake. Kila msimu akazunguka vilevile, na kile kipande kikabaki katikati ya viazi kama kiraka kwenye suruali. Mama alikuwa akifika pale na ndoo, anasimama, anaendelea na safari. Hakuwahi kung'oa hata jani. Cheptanui naye hakuwahi.

Na Chelel, ukimwimbia uongo, hushusha maziwa siku moja. Siku ya pili anakujua.

Akaimba.

*Hana blanketi.*
*Msalaba ulianguka, hakuna aliyeusimamisha.*
*Miti ya plamu ilikatwa, tukaota moto wake.*
*Mbele yake viazi, nyuma yake viazi,*
*na sisi tumevila.*
*Hakuna aliyemlima. Hakuna aliyempalilia.*
*Thabai zichomazo ngozi zimemea juu yake hadi kifuani mwa mtu,*
*ng'ombe hawapiti, watoto hawapiti.*
*Kama kuna aliyemlinda, ni thabai.*
*Si sisi.*

Mstari wa mwisho aliuimba kwa Kipsigis, na alipofika kuurudia kwa Kiswahili sauti haikutosha, ikabidi aseme tu. "Si sisi."

Pikipiki ilipita barabarani, ikapiga honi, ikaenda. Weldon alikuwa ametoa kofia. Hakuna aliyejua aangalie wapi, kwa hivyo wengi waliwaangalia mbuzi. Kibii akaweka mkono wake kwenye bega la dadake, akauacha hapo. Ulikuwa mzito na umelowa.

"Thabai?" Cucu aliuliza kutoka ndani. Sasa hakuwa anaimba.

"Ndiyo, kogo." Hivyo ndivyo wao humwita bibi.

"Zile ndogo ama zile kubwa zenye shina jekundu?"

"Zile kubwa."

Kukawa na sauti ambayo Cheptanui hakujua kama ni kikohozi au ni nini. "Alikuwa akipenda mukimo wa thabai zilizopondwa na viazi," Cucu alisema, mara kwa Kipsigis mara kwa Kikikuyu, bila kujali nani anafuata. "Kila jioni thabai, thabai, mpaka watoto wanalia. Namwambia, wewe mwanaume, hiyo mboga itakuotea tumboni. Sasa ona."

Mwanamke mmoja ndani akaanza kulia waziwazi. Cucu akamwambia anyamaze, nyama itaungua.

Komeo likalia. Lakini geti kubwa halikusogea. Kilichofunguka ni kale kamlango kadogo, na ndani yake akaonekana mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya bluu juu ya kitenge cha sherehe, miguu imepanuka kidogo, mkono mmoja kwenye bati. Aliongea Kiswahili, ili asikike na kila mtu, pamoja na majirani waliokuwa wamepanda juu ya mawe kuchungulia.

"Watu wa Rongai tulikuwa tumewapangia geti kubwa. Watu wa Kapsirwo watapita hapa." Akapiga bati kwa kiganja. "Na msikie. Leo lango ni la Mugure. Shamba nalo lina lango lake. Hilo sijalifungua, na nyinyi hamjalibisha hodi. Lakini mtoto wangu hakulifunga yeye, na huyu wenu wa suti alikuwa anavaa nepi. Sitawalipisha wao. Ingieni."

Wakaingia mmoja mmoja, wameinama, maana kamlango kalikuwa ka kimo cha kifua. Mama Sue alipita kwa ubavu akisema, "Cucu, mungenipimia kwanza," na watu wakapata nafasi ya kucheka. Wazee waliokuja na Weldon waliinama wakishika magoti. Mbuzi ndio waliopita vizuri, wakaruka kizingiti kana kwamba ndipo walipozoea. Kibii alipoinama koti lake lilishikwa na msumari, na mkono uliokuja kulinasua ulikuwa wa Mugure, aliyekuwa amejificha nyuma ya Cucu muda wote ule, macho mekundu.

Weldon alibaki wa mwisho. Alikuwa mtu mrefu. Alisimama nje na kofia mkononi, na kwa kitambo Cheptanui, aliyekuwa ameshaingia na kugeuka, alidhani atarudi kwenye gari. Kisha akainama. Cucu hakusogea, kwa hivyo kichwa cha Weldon kilipotokeza ndani kilikuwa karibu na kiuno cha yule mama, na hapo kikasimama.

"Weldon," Cucu alisema kwa Kipsigis. "Umenenepa."

"Kogo."

"Niliuliza swali. Nani analima? Mtoto amejibu yote, hilo moja ameliruka."

Ni kweli, alikuwa ameliruka. Cheptanui alishika kibuyu kwa nguvu.

Weldon alibaki ameinama, nusu ndani nusu nje. Angeweza kusema ni kukodisha. Angeweza kusema ni wengi. Jasho lilimtoka kwenye utosi, mahali nywele zilipoanza kupungua.

"Ni mimi ninalima pale," alisema.

Cucu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea salamu iliyotumwa kitambo na kuchelewa njiani. "Najua. Viazi huja mpaka soko la hapa, na watu wana midomo. Nilitaka nisikie kwako." Akasogea hatua moja kando. "Pita ukae. Hilo tutaliongea Naftaly akiwepo, na wazee wako wakiwepo, si leo na si kwa wimbo. Leo kula."

Weldon akapita. Hakuvaa kofia tena siku ile, hata jua lilipokuwa kali, na alipopewa nafasi ya kusema kwa niaba ya familia alisema kwa ufupi mpaka watu wake wakashangaa.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale kwenye kamlango, Cucu alinyoosha mikono miwili, na Cheptanui akampa kibuyu. Cucu akakitingisha karibu na sikio. Akapitisha kidole gumba kwenye shingo iliyopinda, juu chini, akatafuta kitu fulani, na alipokipata, kovu dogo pale kilipokuwa kikikwaruza ua, akakiacha kidole hapo. Akafungua, akanywa palepale kabla ya mtu yeyote, bila kungoja wazee wala maombi.

"Masizi mengi," alisema. "Ni mkono wa mama yako. Nilimwambia apunguze, akakataa." Akapangusa mdomo kwa mkono wa sweta. "Utanipeleka lini?"

"Siku utakayosema, kogo."

"Mvua ikiisha. Udongo ukiwa na maji thabai huja na mzizi, lakini barabara yenu naijua, tutalala kwa matope. Uje na panga kali. Thabai kubwa hupaliliwa na watu wawili. Mmoja anashika kwa gunia, mwingine anakata."

"Nitashika mimi," Cheptanui alisema. "Zinachoma."

"Wewe kata," Cucu Wariara alisema, na akaanza kutembea kuelekea kwenye hema la wageni, kibuyu kwapani. "Yule ni wangu. Nitashika mimi."